Kiatu cha kulia kinalia: tathmini ya kila dawa niliyoijaribu nyumbani

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya mwaka nafanya zamu za usiku katika wodi ya watoto. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mtu anaweza kushangaa kwa nini nimehangaika miezi 2 mizima na sauti ya kiatu. Hebu fikiria saa 8 usiku. Mtoto aliyekuwa analia kwa maumivu tangu jioni ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, mama yake kalaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, halafu napita mimi kwenda kumpima joto wa kitanda cha pili: kwii, kwii, kwii. Mtoto anafumbua macho. Mama ananitazama, hasemi kitu.

Mama mmoja alisema, na alisema kwa upole kabisa: "Samahani nesi, mwanangu ameshaijua hiyo sauti. Akiisikia tu anajua sindano inakuja."

Zamu ile niliimalizia nikitembea kwa ncha za vidole.

Viatu vyenyewe navipenda. Ni vya ngozi nyeusi, vya kufunga kamba, soli ya mpira, na ndani vina ile soli laini ya kutoa na kurudisha. Nikivivaa kwa saa 12 mfululizo mgongo hauniumi, na aliyewahi kusimama saa 12 anajua maana ya kauli hiyo. Vilikuwa na miezi 5 tu. Kuvitupa sikutaka, kwa hiyo nikaanza kujaribu kila nilichoambiwa kinatibu, kimoja baada ya kingine, na hapa naeleza kipi kilifaa, kipi kilikuwa bure, na kipi kingeweza kunivunja nyonga.

Nianze na hicho cha mwisho, maana ndicho watu wengi hukikimbilia kwanza.

Mafuta ya kupuliza

Nazungumzia yale mafuta ya kopo yanayotumika kulegeza nati zilizoshika kutu na bawaba za milango. Mwenzangu wa zamu aliniambia mlango ukilia unapuliziwa, basi na kiatu ni hivyohivyo. Ilinikaa akilini. Nikatoa soli ya ndani, nikapuliza chini yake, nikapuliza na pembeni pale soli ya nje inapokutana na ngozi. Sauti ilikata palepale. Nikafurahi, nikaenda kazini.

Kilichotokea ni kwamba yale mafuta hayakukaa nilipoyaweka. Yalitambaa, yakashuka hadi ukingo wa soli, na sakafu yetu ni ya vigae laini. Nilikuwa nimebeba trei ya dawa za saa 12 asubuhi. Mguu wa kulia ulichomoka mbele kama nimekanyaga sabuni, nikajishikilia kwenye nguzo ya kitanda, trei ikaanguka. Hakuna aliyeumia. Ila nilikaa chini mikono ikitetemeka, nikiwaza kwamba mara nyingine mkononi huwa nabeba mtoto, si trei.

Siku 3 baadaye sauti ilirudi, tena ikiwa kali kuliko mwanzo. Mafuta ya namna hiyo, yatokanayo na petroli, huvimbisha aina nyingi za mpira na kulainisha gundi, kwa hiyo mahali palipokuwa pameshikana vizuri panaanza kuachia. Ngozi nayo ilibaki na doa jeusi ambalo mpaka leo halijatoka. Bawaba ni chuma kwa chuma, haina gundi wala hakuna anayeikanyaga. Alama yangu ni sifuri, na ningeomba anayesoma hapa akiwa na kopo mkononi alirudishe kabatini.

Kabla ya dawa, sikiliza

Baada ya lile tukio nilifanya kile ambacho kazini ndicho tunachofundishwa kwanza: kuchunguza kabla ya kutibu. Kiatu kinalia kwa sababu nyuso mbili zinasuguana. Zinang'ang'aniana, zinaachia, zinang'ang'aniana tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja, na mtetemo huo ndio tunaousikia. Upinde wa fidla unatoa sauti kwa kanuni hiyohiyo. Sasa swali ni nyuso zipi, maana ndani ya kiatu zipo nyingi kuliko tunavyodhani.

Nilikaa chumbani, mlango nimefunga, nikafanya hivi. Nilikishika kiatu karibu na sikio nikakikunja kwa mikono. Kimya. Nikabonyeza kisigino kwa kidole gumba, nikabonyeza pembeni, nikauvuta ulimi huku na huku. Kimya. Nikakivaa, nikatembea kwenye vigae: kwii. Nikatembea kwenye zulia: kwii. Hapo nikajua soli ya nje haihusiki, kwa sababu kama tatizo ni mpira na sakafu, zulia lingelinyamazisha. Nikatoa soli ya ndani, nikavaa kiatu hivyohivyo, nikazunguka chumba mara 10. Kimya kabisa.

Dakika 15, bila kutumia chochote. Kati ya yote niliyoyafanya katika miezi ile 2, hili ndilo lenye thamani kubwa, na linaniuma kwamba nililifanya likiwa la pili. Kila dawa nitakayoitaja hapa chini inafanya kazi mahali fulani tu. Ukiiweka pengine utasema haifai, kumbe uliikosea mahali.

Jambo jingine: kwa kawaida hulia kiatu kimoja, si vyote. Wangu ulikuwa mguu wa kulia. Usihangaike na jozi nzima.

Poda

Chini ya ile soli ya ndani nilikuta unyevu. Ukigusa kwa kidole unahisi ubaridi, na ukiibonyeza ilikuwa inanata kidogo kisha inaachia kwa kale kasauti kenyewe. Miguu yangu inatoa jasho kwa saa 12, sakafu inapigwa deki usiku, kiatu hakipati nafasi ya kukauka kabla ya zamu inayofuata. Kwa hiyo nilikausha kwanza. Nilitoa kamba na soli ya ndani, nikajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, nikayabadilisha kila yalipolowa, nikakiacha kivulini siku 2. Usiweke juani wala karibu na jiko. Joto linakausha ngozi hadi inapasuka na linalegeza gundi ya soli, nawe utakuwa umejitafutia ugonjwa mwingine.

Kikishakauka, nilinyunyiza poda, kama nusu kijiko cha chai, nikaisambaza kwa brashi kavu ya viatu hadi kwenye kingo, maana kingo ndizo zinazosugua zaidi. Nikarudisha soli, nikavaa. Kimya.

Nilijaribu poda za aina mbili, na tofauti yake nimeiona kwa macho yangu. Ya kwanza ni ile ya wanga wa mahindi. Inafyonza unyevu vizuri sana, lakini baada ya wiki 2 niliinua soli nikakuta imekuwa vijidonge, kama ugoro uliolowa. Ya pili ni ya talki. Talki ndilo jiwe laini kuliko yote katika kipimo cha ugumu cha Mohs: ina namba 1, almasi ina 10. Vitabaka vyake vinateleza kimoja juu ya kingine, ndiyo maana ukiisugua kati ya vidole unahisi kama hariri. Haifanyi vijidonge na inadumu muda mrefu zaidi.

Lakini mimi ni mtu wa hospitali na siwezi kulipita hili kimya. Mwaka 2024 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Na bila kujali saratani, vumbi la poda yoyote halitakiwi katika mapafu ya mtoto. Mimi nainyunyiza nikiwa nje, nimefunika pua, nikigongagonga taratibu badala ya kupuliza, na watoto wanakuwa mbali. Kama una mtoto mdogo ndani, tumia ya wanga na ukubali kuibadilisha kila wiki 2. Ndivyo ninavyofanya mimi sasa.

Alama: 9 kati ya 10, kwa sauti inayotoka chini ya soli ya ndani. Hata zile soli maalumu za kurekebisha nyayo, ambazo wagonjwa wa miguu huandikiwa, zikilia dawa yake ni hiyohiyo. Moja nimeipunguza kwa sababu si ya kudumu.

Gundi ya haraka, na kwa nini niliiondoa

Wiki ya nne kiatu kilianza tena, safari hii sauti tofauti. Si kwii, ni kama mtu anafyonza kitu: fyu, fyu, kila ninapoinua kisigino. Nikarudia uchunguzi. Nilipobonyeza upande wa nje wa kisigino kwa gumba, niliona ufa mwembamba unafunguka kati ya soli na ngozi, kama mdomo wa samaki, na unafunga nikiachia. Hewa inaingia, inatoka. Ni palepale nilipopuliza mafuta.

Nyumbani nilikuwa na ile gundi ya haraka inayoshika vidole. Nikaweka matone 3, nikabana, ikashika ndani ya dakika moja. Nilitembea siku 5 kwa amani. Siku ya 6 nikasikia kitu kinakatika, tak, na baada ya hapo kila hatua ilikuwa na mlio wa kokoto. Nilipokifungua nilikuta gundi imekuwa kama kioo, imepasuka vipande, na vipande hivyo vinasagana.

Hivyo ndivyo ilivyo. Gundi hiyo inagandishwa na unyevu na inakuwa ngumu kabisa, haikubali kupinda. Kwa sikio la kikombe ni nzuri. Kisigino cha mtu anayetembea kinapinda maelfu ya mara kwa siku. Nilitumia saa nzima kuikwangua kwa kisu kidogo na msasa, na bila kuikwangua yote huwezi kuweka gundi nyingine juu yake. Alama 2, hizo 2 ni kwa siku 5 za amani.

Gundi ya viatu

Hii ndiyo iliyomaliza kazi, na nataka kuieleza polepole kwa sababu siri yake iko katika kusubiri, na watu wengi hawasubiri.

Ni ile gundi ya njano wanayotumia mafundi viatu, yenye harufu kali. Ikikauka inabaki kama mpira, inapinda pamoja na kiatu. Fungua madirisha, au kaa nje. Nilianza kwa kusafisha ufa kwa spiriti na pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, mara 4, hadi pamba ikatoka nyeupe. Palipo na mafuta gundi haishiki, na mimi nilikuwa nimeyamimina mwenyewe. Kisha nikakunja kipande cha msasa namba 120 mara mbili, nikakisokomeza ndani ya ufa nikasugua pande zote mbili, juu na chini, hadi pakawa na mikwaruzo. Nikapuliza vumbi.

Ufa ulikuwa mwembamba, brashi haiingii. Nikachukua bomba la sindano jipya, bila sindano yenyewe, nikavuta gundi kidogo nikaipeleka hadi ndani kabisa, kisha nikaisambaza pande zote mbili kwa kijiti cha meno. Tabaka jembamba tu. Halafu nikakatisha vijiti 2 vya meno mdomoni mwa ufa ili usifunge, na nikaondoka.

Hapo ndipo penye siri. Gundi hii haishiki ikiwa mbichi. Inatakiwa ikauke pande zote mbili kwanza, kiasi cha dakika 10 hadi 15, mpaka ukiigusa kwa kidole haikufuati. Ukibana mapema unafungia ndani kile kimiminika, na hakitakauka vizuri. Baada ya dakika 15 nilitoa vijiti, nikabana kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nguvu ya kubana ina maana zaidi kuliko muda wa kubana. Kisha nikakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko mingi, nikakiacha hadi kesho yake, saa 24 kamili.

Nilipokifungua nilibonyeza palepale kwa gumba. Hapakufunguka kitu. Nikakunja, nikapinda, nikasimama kwa kisigino kimoja. Ni wiki ya 3 sasa, zamu 11, na pale mahali pameshika kuliko upande wa pili ambao haukuwahi kuharibika.

Alama 10. Sina cha kupunguza. Hata harufu, baada ya siku 2 ilikwisha.

Vingine, kwa ufupi

Viatu vya michezo vya mwanangu vililia kwenye ulimi: ulimi unasugua ngozi ya pembeni kila anapopiga hatua, na unausikia hata ukikikunja mkononi. Hapo poda haikai, inamwagika yote. Nilitumia nta ya nyuki, nikaisugua kwenye kingo za ulimi kama mtu anayepaka chaki, kisha nikaipasha kwa kuisugua na kidole. Alama 8. Mafuta ya mgando nayo yanafanya kazi kwenye ngozi laini, kidogo tu, ila yanakusanya vumbi, na kwenye ngozi ya manyoyamanyoya usiyaguse, yataacha madoa. Wakati mwingine hata hiyo nta huihitaji: legeza kamba, nyoosha ulimi ukae katikati, funga upya. Kiatu chake cha kushoto kilipona hivyo.

Viatu vipya vinavyolia kwenye vigae tu, lakini zulia likavinyamazisha, tatizo ni soli ya nje. Mpira mpya unang'aa na unashika mno. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha sugua chini kwa msasa uleule wa 120 hadi mng'ao upotee. Usipake chochote. Narudia, chini ya soli usipake chochote, nimeshaeleza trei yangu ilivyokwenda.

Dawa ya kupuliza ya silikoni niliijaribu chini ya soli ya ndani ya kiatu kingine cha zamani. Inanyamazisha, na haili gundi kama yale mafuta ya nati, lakini wiki ya pili soli ya ndani ikaanza kuteleza, mguu unakwenda mbele na vidole vinabanwa. Alama 4. Poda inafanya kazi ileile bila hayo.

Mume wangu ana viatu vya ngozi vya zamani vyenye soli ya kushonwa. Vinatoa mlio mzito katikati ya unyayo, kama ubao wa sakafu. Nilijaribu kila kitu hapo juu, hakuna kilichofika. Ndani ya viatu vya namna hiyo kuna kipande cha chuma au mbao kinachobeba unyayo katikati, kati ya soli mbili, na kikilegea kinasugua huko ndani ambako huwezi kufika bila kufumua. Tulimpelekea fundi viatu. Alifumua, akakikaza, akashona upya, na ilimchukua siku 2. Mlio ukitoka hapo, usijaribu nyumbani. Nilishawahi kufikiria kutoboa kwa bisibisi na ninashukuru sikufanya.

Sasa hivi

Utaratibu wangu wa sasa ni mdogo. Nikitoka zamu natoa soli za ndani, naziweka zisimame ukutani, magazeti ndani ya viatu. Nina jozi mbili na nazipokezana, ili kila moja ipate angalau siku nzima ya kukauka. Kila Jumapili ya pili nafuta poda ya zamani kwa brashi na kuweka mpya. Inanichukua chini ya dakika 10.

Usiku wa kuamkia jana kulikuwa na mtoto wa miezi 7 kitanda cha 6, nimonia, kila baada ya saa 4 lazima nimpime joto na kuhesabu pumzi. Saa 6 usiku nilikwenda nikakuta kalala. Nikahesabu pumzi 44 kwa dakika nzima nikiwa nimesimama pale, nikahamisha uzito mguu wa kulia, nikainama, nikaandika kwenye chati. Saa 10 nilirudi tena. Mama yake alishtuka aliponiona nimeshafika pembeni ya kitanda, akaweka kidole mdomoni kunionya nisiamshe. Mtoto alikuwa hajageuka hata ubavu.